Namba za Kadi Yako ni Ufunguo wa Ghala

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi mali inaweza kupotea hata kama daftari lipo, tena mwenye mali akiwa ameketi barazani kwake, simu mkononi. Leo tunataka kuzungumza juu ya wizi wa namna hiyo. Tutaeleza jinsi matapeli wanavyotumia maduka ya mtandaoni kuwaibia watu wanaolipa kwa kadi ya benki. Kisha tutaeleza jinsi ya kujikinga.

Pengine utasema, "Mimi ni mkulima. Mambo ya kadi yananihusu nini?" Yanakuhusu. Mkulima wa korosho siku hizi hulipwa kupitia benki, na benki humpa kadi. Mstaafu naye ana kadi. Zipo pia kampuni za simu zinazomtengenezea mteja kadi ya kulipia iliyo ndani ya simu tu, isiyoshikika mkononi. Basi kadi zimekwisha kufika vijijini. Matapeli nao wamezifuata huko huko.

KADI INAFANYAJE KAZI?

Hebu chukua kadi yako uitazame vizuri. Utaona jina lako. Utaona namba ndefu, mara nyingi yenye tarakimu 16. Karibu na namba hiyo kuna mwezi na mwaka ambao kadi itakwisha muda wake. Kwa mfano, 08/29 maana yake ni mwezi wa nane, mwaka 2029. Sasa igeuze. Nyuma utaona tarakimu 3 ndogo. Watu wengi hawazijali, lakini hizo ni za kulindwa sana.

Mbali na hizo, unayo namba ya siri ya kutolea fedha kwenye ATM. Hiyo haikuandikwa kwenye kadi. Iko kichwani mwako, na ibaki huko huko.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Ukinunua sukari kwa noti, wewe ndiye unayetoa. Ukimpa mwenye duka shilingi 5,000, hawezi kuingiza mkono mfukoni mwako akachukua nyingine. Lakini ukilipa mtandaoni kwa kadi, unamwandikia muuzaji namba zako ili yeye akachukue fedha benki. Muuzaji mwaminifu atachukua kile mlichopatana, basi. Mwizi atarudi tena na tena.

Mwizi huyo hahitaji kuishika kadi yako. Hahitaji namba yako ya ATM. Namba ndefu, tarehe ya mwisho na zile tarakimu 3 za nyuma zinaweza kumtosha kununulia vitu katika baadhi ya maduka ya mtandaoni. Kwa hiyo kumpa mtu namba hizo ni kumpa ufunguo wa ghala lako. Je, ufunguo wa ghala humpa mtu usiyemjua?

KIKUNDI CHA WAFUGAJI WA KUKU

Tutoe mfano. Mfano huu tumeutunga wenyewe, lakini mbinu zilizomo ndizo wanazozitumia matapeli.

Kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku kinataka mashine ya kutotolea vifaranga. Mjini mashine hiyo inauzwa shilingi 400,000. Kikundi kimechanga shilingi 150,000 tu. Siku moja kijana, mtoto wa kaka yake mweka hazina, anaona tangazo kwenye simu. Mashine ni ile ile, picha inapendeza, na bei ni shilingi 145,000. Anakwenda mbio kwa shangazi yake.

"Shikamoo shangazi. Tazama! Bei ni ya leo tu. Zimebaki mashine tatu."

"Marahaba. Na duka lenyewe liko wapi, baba?"

"Ni la mtandaoni, shangazi. Wanataka kadi tu. Ona, watu wameandika hapa chini kwamba mizigo yao wameipata."

"Na tusipoletewa?"

"Shangazi nawe! Tazama saa hii inavyokimbia. Zimebaki dakika kumi."

Shangazi anatoa kadi yake mwenyewe, ile ile iliyopokea malipo ya korosho wiki iliyopita. Anajiambia kwamba atajilipa kutoka kwenye mchango wa kikundi. Kijana anaandika namba zote. Mara ujumbe unaingia kwenye simu ya shangazi, una tarakimu 6 za kuthibitisha malipo. Kijana anaziandika bila kuusoma ujumbe wenyewe. Shilingi 145,000 zinaondoka.

Usiku ule ule zinaondoka shilingi 2,000. Asubuhi shangazi anaona ujumbe wa benki, anadhani ni makato ya kawaida. Kesho yake zinaondoka 380,000. Kesho kutwa 410,000. Hizo zilikuwa fedha za ada ya watoto na za salfa ya kupulizia mikorosho. Mashine haikuja. Namba ya simu ya duka haipatikani tena. Na kikundini watu wameanza kumtazama mweka hazina kwa jicho baya.

WANGESHTUKA WAPI?

Tusimcheke kijana, wala tusimlaumu shangazi. Mwenye kosa ni mwizi. Lakini tujiulize, ni wapi wangeweza kushtuka? Sisi tumehesabu mahali pane.

Kwanza ni bei. Kitu kinachouzwa 400,000 kila mahali, kwa nini huyu mmoja akiuze 145,000? Rahisi ni ghali. Bei ya chini mno ndiyo chambo cha ndoana.

Pili ni haraka. Ile saa inayokimbia imewekwa na tapeli mwenyewe ili usipate nafasi ya kuuliza jirani. Mara nyingi ukifungua tangazo hilo kesho, utaikuta saa imeanza upya. Mfanyabiashara wa kweli hakukimbizi.

Tatu, swali la shangazi halikujibiwa. Aliuliza duka liko wapi. Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote. Duka la kweli lina mahali, lina jina, lina simu inayopokelewa na mtu. Yale maneno ya kusifia chini ya picha, hata tapeli anaweza kuyaandika mwenyewe. Picha nayo huibwa kutoka duka jingine. Kununua namna hiyo ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Nne ni zile shilingi 2,000. Mwizi wa kadi mara nyingi huanza kwa kuchukua kidogo. Anajaribu kama ufunguo unafungua. Akiona mwenye mali kimya, anarudi kuchukua kikubwa. Kama shangazi angepiga simu benki asubuhi ile, zile 380,000 na zile 410,000 zingeweza kuokolewa.

MBINU NYINGINE ZA MATAPELI

Zipo mbinu nyingine mbili ambazo inafaa uzijue.

Ya kwanza ni jina la duka linalofanana na la kweli. Tuseme duka la kweli linaitwa "mbegubora". Tapeli atafungua lake na kuliita "mbeguboora". Ukisoma haraka hutaona tofauti. Kwa hiyo soma anwani ya duka herufi kwa herufi, kama tulivyokuwa tukisoma pamoja darasani. Wengine hutazama alama ya kufuli iliyo karibu na anwani, wakiiona wanasema duka ni salama. Sivyo. Kufuli lile lina maana kwamba maneno yako yanasafiri yamefichwa, mtu wa njiani hawezi kuyasoma. Halisemi kwamba anayeyapokea ni mwaminifu. Hata mwizi anaweza kuwa na kufuli.

Ya pili ni ujumbe wa mzigo. Unaambiwa, "Mzigo wako umekwama. Lipa shilingi 1,500 kwa kadi ili uletewe." Watu huona 1,500 ni ndogo, wakaandika namba za kadi. Tapeli hana haja na 1,500 yako. Anachotaka ni zile namba. Kama hukuagiza mzigo, hakuna mzigo. Kama uliagiza, muulize muuzaji uliyenunua kwake, kwa namba aliyokupa yeye.

JINSI YA KUJIKINGA

1. Usiende mtandaoni na kadi ya akaunti yenye akiba yako yote. Tumia kadi ya akaunti nyingine, au ile kadi ya ndani ya simu. Weka humo kiasi cha kununulia kile kitu tu. Mwizi akiingia, atakuta ghala halina gunia.

2. Waulize benki kama wanaweza kuzuia kadi yako isilipe mtandaoni, au kuiwekea kikomo cha matumizi ya siku. Ukitaka kununua, unafungua. Ukimaliza, unafunga.

3. Kama muuzaji anakubali kulipwa mzigo ukifika, chagua njia hiyo. Ukague kwanza, ulipe baadaye.

4. Namba ya siri ya ATM usiiandike katika duka lolote la mtandaoni, wala usimtajie mtu kwa simu. Duka likikuuliza namba hiyo, ondoka.

5. Usipige picha kadi yako na kumtumia mtu, hata kama anasema ni mfanyakazi wa benki.

6. Iombe benki ikutumie ujumbe kila fedha zinapotoka. Usome kila ujumbe siku ile ile.

7. Andika katika daftari tarehe, jina la duka, bei na namba ya oda. Siku ya kulalamika, daftari ndilo shahidi wako.

Sasa tuseme juu ya zile tarakimu zinazoletwa kwa ujumbe ili kuthibitisha malipo. Wengi wetu tunakumbuka siku tulipokuwa hatujui kusoma. Tuliletewa karatasi, tukaambiwa, "Weka dole gumba hapa." Tukaweka. Baadhi yetu tulipoteza mashamba kwa dole lile. Zile tarakimu ndizo dole gumba la siku hizi. Ukiziandika, au ukimtajia mtu, umekubali malipo. Tofauti ni kwamba leo unajua kusoma. Kwa kawaida ujumbe ule hutaja kiasi kinachotaka kuchukuliwa na jina la anayelipwa. Usome wote kwanza. Kiasi kikiwa siyo, au jina hulijui, usiandike kitu. Na mtu akikupigia simu aseme, "Nisomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako," kata simu. Huyo ni mwizi.

UKISHAIBIWA, FANYA HIVI

Usione haya, wala usinyamaze. Haya ndiyo rafiki wa tapeli.

Piga simu benki mara moja, kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako, au nenda tawini. Usitumie namba uliyoletewa na ujumbe wa mtu. Waambie waifunge kadi na wakupe nyingine. Ufunguo ukishaangukia kwa mwizi, dawa ni kubadilisha kufuli.

Kisha andika malalamiko juu ya malipo usiyoyakubali, au ya mzigo ambao haukufika. Benki yako inaweza kudai fedha hizo kutoka benki ya muuzaji. Siyo kila dai linafanikiwa, na kuna siku maalum za kudai, kwa hiyo usingoje wiki zipite. Peleka daftari lako na ule ujumbe, usiufute.

Toa taarifa polisi. Kwa Tanzania, kosa hili limo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kama tapeli alitumia namba ya simu, itume namba hiyo kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya kupokea taarifa za utapeli wa simu.

Tena uwe macho. Baada ya kuibiwa, huenda akatokea mtu na kukuambia, "Lipa kidogo nikurudishie fedha zako." Mara nyingi ni tapeli yule yule, au mwenzake.

Ndugu msomaji, hatusemi watu waache kununua mtandaoni. Wapo wanaopata mbegu, vipuri na vitabu kwa njia hiyo bila kwenda mjini. Tunachosema ni hiki: swali la shangazi, "Duka liko wapi?", liulizwe, na kadi isitoke mfukoni mpaka swali hilo limejibiwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kulipa kwa noti na kulipa mtandaoni kwa kadi kuna tofauti gani?
2. Kwa nini mwizi alianza na shilingi 2,000?
3. Kama ungekuwa wewe ndiye shangazi, ungemjibu nini kijana alipokuonyesha saa inayokimbia?
4. Namba ya simu ya benki yako ni ipi? Iandike sasa hivi katika daftari lako.