Beberu Asiye na Bwana Mmoja: Uongozi wa Vikundi vya Wakulima Meru na Embu

Makala haya yanakusudia kufafanua namna kikundi kinachojiongoza kinavyoweza kubuni na kuboresha bidhaa mpya bila kuwa na mkubwa wa kutoa amri. Mfano wetu mkuu unatoka Meru, nao ni mbuzi. Huenda msomaji akashangaa mbuzi kuitwa bidhaa. Hata hivyo, mbuzi chotara wa maziwa anayefugwa sasa kwenye miteremko ya Mlima Kenya hakuwapo tangu jadi. Alitengenezwa, kizazi baada ya kizazi, na watu waliokubaliana.

Mwaka 1996 shirika la FARM-Africa lilianzisha mradi wa mbuzi wa maziwa katika eneo la Meru. Mbuzi wa aina ya Toggenburg waliletwa kutoka Uingereza ili wapandishwe na wa kienyeji. (Naam, beberu kutoka Uingereza, sisi wanafunzi wa fasihi tuliozoea kumkuta katika tamthilia tuvumilie kidogo.) Mradi haukumgawia kila mkulima beberu wake. Wakulima walijiunga katika vikundi, beberu akawekwa kwa mwanakikundi mmoja, na wengine wakawapeleka majike wao huko.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtunza beberu si mwenye beberu. Hutoza ada iliyokubaliwa na huandika kila upandishaji daftarini. Daftari hilo laweza kuonekana kama kazi ya karani tu, lakini bila hilo hakuna ajuaye mwanambuzi yupi amezaliwa na beberu yupi. Isitoshe, beberu akikaa mahali pamoja muda mrefu ataishia kuwapanda binti zake mwenyewe, na uzao wote udhoofike. Hana budi kuhamishiwa kikundi kingine, aghalabu wakati ule ule wenyeji wamekwisha kumpenda. Kikundi kimoja hakiwezi kulitimiza hilo peke yake. Sharti jirani naye amwachilie wake. Ndiyo sababu vikundi viliungana katika chama kimoja cha wafugaji wa mbuzi wa Meru.

Kwa maoni yangu, kiongozi hapa si msemaji hodari mkutanini. Ni yule awezaye kumwambia jirani, "Mama, beberu anaondoka kesho," naye mama akakubali kwa kuwa kanuni hiyo aliitunga yeye pia. Wapo watakaosema kwamba huu ni utamaduni wa Njuri Ncheke tu, baraza la wazee wa Kimeru. Tusikimbilie huko: Njuri Ncheke ni baraza la wanaume, ilhali katika vikundi hivi wanawake pia ni wanachama.

Embu inatupa sura nyingine. Kuanzia mwaka 1991 watafiti wa KARI, KEFRI na ICRAF waliwaachia wakulima wajaribu wenyewe mti wa kaliandra kama lishe ya ng'ombe. Kilo 3 hivi za majani mabichi huweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Pa kuupanda waligundua wakulima: kingo za matuta, ua wa boma, katikati ya nyasi za nepia. Lakini kaliandra, tofauti na beberu, haihitaji kuzungushwa. Kikundi huhitajika zaidi kitaluni, kutafuta mbegu na kumwagilia miche kwa zamu. Miche ikishagawanywa, kila mtu hushika njia ya shambani kwake.