Picha za Wafanyakazi Zipangwe, Ziseme Kweli



Siku hizi wengi wetu tuna simu yenye kamera mfukoni. Bomba la dawa likivuja shambani, tunalipiga picha. Paa la nyumba za kambi likibomoka, tunalipiga picha. Lakini siku ya mkutano na mwajiri ikifika, picha hizo ziko wapi? Nyingine ziko kwa mwenzetu aliyehama, nyingine zimefutwa, na zilizobaki zinapitishwa mezani kutoka mkono hadi mkono. Meneja akiuliza, "Hii ilipigwa wapi, na lini?" tunatazamana tu. Hivyo ushahidi mzuri unapotea bure.

Katika makala haya twapenda kueleza jinsi kamati ya tawi inavyoweza kuzikusanya picha hizo na kuzifanya filamu fupi, kwa kutumia programu ya kuhariri video katika kompyuta. Kazi hii haihitaji fundi wa sinema. Yahitaji uangalifu na ukweli.

PICHA ZILIVYOSAIDIA ZAMANI

Jambo hili si geni. Tukumbuke yaliyowapata jirani zetu wa Kongo. Tangu mwaka 1885 hadi 1908 nchi yao ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kama mali yake mwenyewe. Watu walilazimishwa kukusanya mpira wa msituni, na walioshindwa kutimiza kiasi walipigwa, walifungwa au waliuawa. Tarehe 14 Mei 1904 mtu mmoja, jina lake Nsala, alifika katika misheni ya Baringa akiwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha Nsala ameketi akivitazama viungo vya mwanawe.

Picha hiyo na nyingine zilitiwa katika vioo, zikaonyeshwa ukutani kwa taa katika mikutano ya hadhara huko Uingereza na Marekani, moja baada ya nyingine, msemaji akieleza. Watu walioambiwa kwamba habari za Kongo ni uzushi waliona kwa macho yao. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Kazi za kulazimishwa hazikwisha siku hiyo, wala picha peke yake hazikumshinda mfalme. Ripoti, barua na mikutano vilifanya kazi pamoja nazo. Lakini picha yenye jina, mahali na tarehe ilikuwa vigumu kuikanusha.

Baada ya vioo zikaja slaidi ndogo na projekta. Projekta ya Kodak Carousel, iliyotoka mwaka 1961, ilichukua slaidi 80 katika duara lake. Kampuni iliacha kuitengeneza mwaka 2004. Leo kazi hiyo hiyo inafanywa na kompyuta. Chombo kimebadilika, kanuni ni ile ile.

KUKUSANYA NA KUCHAGUA

Tuchukue mfano wa wanyunyiziaji dawa wasiopewa glavu wala mabuti. Kwanza katibu wa tawi afungue folda moja katika kompyuta na kuweka humo picha zote kama zilivyotoka kwenye simu. Simu huandika ndani ya faili tarehe na saa ya kupiga, mradi saa yake iwe sawa. Lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ubora na maandishi hayo hupotea. Kwa hiyo itumwe kama hati, au ihamishwe kwa waya. Nakala ya pili ya folda iwekwe mahali pengine.

Kisha kamati ikae na kuchagua. Kila picha iulizwe maswali matatu: ni wapi, ni lini, na inaonyesha nini? Isiyokuwa na majibu iachwe, hata ikiwa inaumiza moyo. Kwa mfano wetu, picha 24 zinatosha.

Hapana budi pia kuwalinda wenzetu. Mtu asionyeshwe uso bila idhini yake, hasa kibarua asiye na mkataba wa kudumu, ambaye ni rahisi kuachishwa kazi. Mara nyingi picha ya mikono mitupu inayochanganya dawa yatosha. Na mahali ambapo kanuni za kazi zinakataza kupiga picha, tawi litafute ushauri wa ofisi ya chama kwanza.

KUPANGA KATIKA KOMPYUTA

Programu za Shotcut, OpenShot na Kdenlive hutolewa bure, na zikishaingizwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Zote zina mstari wa wakati chini ya kioo. Mstari huo tuufananishe na mkanda wa kiwandani unaopitisha bidhaa moja moja: picha iliyo kushoto hupita kwanza, ya kulia hupita mwisho.

Tuzipange picha kwa utaratibu wa kazi yenyewe. Ianze ghala la dawa, ifuate lebo ya chupa yenye maonyo, kisha kuchanganya, kisha kunyunyizia, na mwisho mahali pa kunawia. Mtazamaji ataifuata dawa tangu ghalani hadi kwenye ngozi ya mfanyakazi.

Kila picha ipewe muda wa kutosha kuisoma. Picha 24 kwa sekunde 6 kila moja ni sekunde 144, yaani dakika 2 na sekunde 24. Yenye maandishi, kama lebo, yaweza kukaa sekunde 10. Muda huongezwa kwa kuvuta ukingo wa picha katika mstari. Madoido ya picha kuzunguka na kurukaruka tuyaache. Picha moja ififie huku nyingine ikitokea, basi.

Chini ya kila picha tuandike mahali na tarehe kwa herufi kubwa. Katika safu nyingine ya mstari tuweke sauti ya mnyunyiziaji mwenyewe akieleza kazi yake kwa maneno machache. Picha zipigwe simu ikiwa imelala; iliyosimamishwa huacha nafasi nyeusi pande mbili za kioo.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Faili la mradi halina picha ndani yake, lina kumbukumbu tu ya mahali zilipo. Mtu akiihamisha folda au kubadili majina, programu haitaziona tena. Basi folda isiguswe mpaka filamu ikamilike na kutolewa kama faili la MP4, ambalo simu nyingi huweza kulionyesha.

UKWELI NDIYO NGUVU

Programu hizi zaweza kukata, kung'arisha na kuficha. Kung'arisha picha yenye giza si kosa. Lakini kuongeza kitu ambacho hakikuwapo, au kutumia picha ya shamba jingine, ni kumpa mwajiri silaha. Akigundua picha moja ya uongo, atazikataa zote 24, na mnyunyiziaji ataendelea kutumia mikono mitupu. Kama mwajiri ametengeneza sehemu ya kunawia, nayo ionyeshwe, na tarehe yake.

Filamu imalizike kwa dai moja lililo wazi: glavu, mabuti, barakoa, maji na sabuni. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Nchi zilizouridhia zimejifunga kuufuata, na hata pengine ni hoja nzuri mezani.

Kabla ya kuipeleka kwa mwajiri, filamu ionyeshwe kwanza kwa wafanyakazi wenyewe. Wao ndio wanaoijua kazi. Wataona kilichokosewa na kilichosahauliwa. Ndugu, picha tulizo nazo ni nyingi. Kamati ya kila tawi na ianze kuzikusanya sasa, kabla hazijafutwa.