Mafundisho ya Roho kwa Bei Ghali: Unanunua Nini Hasa?

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Methali hiyo inafaa sana ukienda kununua viatu vya shule. Shida ni kwamba wako watu wanaoipeleka hadi kwenye mambo ya roho. Wanasema: mwalimu huyu anatoza pesa nyingi, basi lazima ana kitu!

Neno "guru" limetoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na maana yake ni mwalimu. Zamani kule mwanafunzi alikaa nyumbani kwa guru wake, akimtumikia huku akisoma. Alipomaliza masomo ndipo alipotoa zawadi kwa mwalimu. Shikeni hilo neno "alipomaliza".

Siku hizi mambo yamegeuka. James Arthur Ray wa Marekani hakuwa Mhindi, lakini alikuwa mwalimu wa aina hii. Mwaka wa 2009 aliandaa mafunzo ya siku 5 karibu na Sedona, katika jimbo la Arizona. Ada ilikuwa karibu dola 10,000 kwa mtu mmoja, na ililipwa kwanza. Lo! Kwa pesa zetu za leo hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Mzazi wa shule ya kutwa akiambiwa hivyo atazimia.

Tarehe 8 Oktoba watu zaidi ya 50 waliingia katika kibanda kifupi kilichofunikwa gubigubi. Kabla ya hapo walikuwa wamepitisha saa 36 bila chakula wala maji. Mawe ya moto yakaletwa, yakamwagiwa maji, mvuke ukajaa. Kuna waliotapika, kuna waliozirai, na mwalimu akazidi kuwahimiza wavumilie. Watu 3 walifariki. Mwaka wa 2011 mahakama ilimpata Ray na hatia ya kusababisha vifo hivyo kwa uzembe, akahukumiwa kifungo cha miaka 2.

Sasa utauliza, mbona hawakutoka wote? Mlango haukuwa na kufuli, na wengine walitoka. Mimi naona bei yenyewe ilikuwa kamba. Tazama matatu ikiharibika njiani: wale ambao hawajalipa nauli wanashuka mara moja, lakini waliolipa wanabaki wakimwangalia makanga, hata kama wamechelewa. Kama shilingi 50 zinaweza kumshikilia mtu kwenye kiti, je, milioni? Tena ni vigumu kurudi nyumbani na kuwaambia watu kwamba pesa zote zile hazikukupa kitu. Kwa hivyo aliyelipa sana atasifu sana, na sifa zake zitamleta mwingine.

Wapo watakaosema, kwani guru hali? Anakula, na nyumba inalipiwa kodi. Nakubali. Lakini Bhagwan Shree Rajneesh, aliyekuja kuitwa Osho, alipoishi Oregon kati ya 1981 na 1985 alikuwa na magari 93 ya Rolls-Royce! Angeendesha moja kila siku, angemaliza miezi mitatu ndipo arudi kwa la kwanza. Hicho si chakula.

Tumtazame mwingine. S. N. Goenka alizaliwa Burma, yaani Myanmar ya leo, mwaka wa 1924, akawa mfanyabiashara. Mwaka wa 1969 alianza kufundisha huko India njia ya kutafakari iitwayo Vipassana. Mafunzo ni ya siku 10. Wanafunzi huamka saa kumi alfajiri, hula chakula kisicho na nyama, hukaa bila kuzungumza na wenzao, na huanza kwa kuangalia pumzi zao tu. Si mchezo, na si kila mtu anaweza. Ada? Hakuna hata senti! Chakula na malazi hutokana na michango ya waliomaliza kabla yao, na mgeni hakubaliwi kuchanga mpaka naye amalize. Goenka alifariki mwaka wa 2013 lakini utaratibu huo bado upo.

Hapa kwetu pia tunasikia wahubiri wakisema "panda mbegu" kwanza, ati baraka zitafuata. Kwa hivyo mtu akiniuliza kama alipe, nitamwuliza mambo mawili tu: pesa zinatakiwa lini, na je, ukitaka kwenda nyumbani siku ya pili utarudishiwa ngapi?