Mizani ya Wepesi wa Viungo

Katika chumba chenye utulivu, mtoto wa miaka mitano huketishwa mezani, akawekewa mbele yake kisanduku chenye mwanya mwembamba pamoja na sarafu za plastiki, akaambiwa azitumbukize moja moja kwa haraka awezavyo, kwanza kwa mkono mmoja kisha kwa wa pili, huku mtahini akihesabu nukta za saa. Baadaye huinuka akasimama kwa mguu mmoja, akadaka kifuko kilichojazwa punje, akatembea kwa ncha za vidole juu ya mstari wa sakafuni. Mpita njia asiye na habari angedhani kwamba watu wazima wamekosa kazi wakaja kucheza na watoto. Lakini mchezo huo ni mtihani wenye taratibu kali kuliko mitihani mingi ya darasani, na matokeo yake huweza kuamua iwapo mtoto atapata msaada au ataachwa aendelee kuitwa goigoi.

Mtihani huo umetungwa Uingereza na Sheila Henderson na David Sugden, ukatolewa mwaka 1992 kwa jina la Movement Assessment Battery for Children, na toleo lake la pili likafuata mwaka 2007. Majaribio yake ni manane, katika mafungu matatu: wepesi wa mikono, kulenga na kudaka, na kusimama imara pasipo kuyumba. Umri ukipanda, kazi hubadilika. Sarafu ni za wadogo, na mwenye miaka kumi na miwili hupewa vipande, parafujo na nati ili aunde pembetatu. Marekani wana wao, ujulikanao kwa majina ya Bruininks na Oseretsky, ambao toleo lake la mwaka 2005 lina majaribio 53 na huwapima watu tangu miaka 4 hata 21, kuanzia kupitisha kalamu katika njia nyembamba iliyopindapinda bila kugusa kingo zake, hata kukimbia, kudundisha mpira na kuruka mbali.

Jina hilo la pili lina hadithi yake. Nikolai Oseretsky alikuwa tabibu wa Urusi, naye mwaka 1923 alitunga ngazi ya majaribio ya kupima mwendo wa viungo kwa kadiri ya umri, kama vile wenziwe wa zama hizo walivyokuwa wakipima akili. Ajabu ni kwamba Wamarekani hawakuipokea kazi hiyo kutoka katika Kirusi: Edgar Doll aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1946 kwa kufuata tafsiri ya Kireno, kwa hiyo majaribio yaliyozaliwa Urusi yalipita Ureno kabla ya kuwafikia watoto wa Marekani. William Sloan akayarekebisha mwaka 1955, na Robert Bruininks akayafanya upya mwaka 1978.

Lakini kazi ngumu katika fani hii si kubuni majaribio, kwa maana mwalimu yeyote mwenye kamba na mpira aweza kubuni ishirini kabla ya adhuhuri. Ugumu ni kujua maana ya jawabu. Mtoto akisimama kwa mguu mmoja kwa nukta tisa, je, ni nyingi au ni chache? Nukta hizo hazisemi neno mpaka zilinganishwe na za watoto wengine wa umri wake, waliopewa agizo lile lile, kwa maneno yale yale, kwa vyombo vile vile, wakaruhusiwa kujaribu mara zile zile. Ndiyo sababu watungaji huwapima kwanza watoto wengi, wakaandika majedwali ya kila umri. Toleo la Marekani la mwaka 2005 lilijengwa juu ya watu 1,520. Mtahini husoma hesabu ya mtoto wake katika jedwali, na katika mtihani wa Uingereza humtia katika rangi mithili ya taa za barabarani: nyekundu kwa aliye miongoni mwa watano wa mwisho katika kila mia, manjano kwa wanaofuata hadi wa kumi na tano, na kijani kwa waliobaki.

Hapa msomaji na atulie kidogo, kwa kuwa jambo hili huwapita hata baadhi ya watu wa elimu. Wale watano katika mia hawakugunduliwa na mtihani. Wamewekwa na hesabu yenyewe, kwani katika kundi lolote lililotumiwa kujenga jedwali, hata lingekuwa la wanasarakasi watupu, lazima watano wa kila mia wawe chini. Rangi nyekundu haisemi kwamba mtoto ni mgonjwa. Husema kwamba yuko nyuma ya wengi wa kundi fulani. Na swali la haki ambalo mzazi apaswa kuuliza ni hili: kundi lipi? Mnunuzi wa mchele hana faida ya kujua kwamba amepimiwa pishi tatu kamili, iwapo pishi ya dukani humo ni ndogo kuliko ya mtaani kwake.

Afrika Mashariki imo katika habari ya swali hilo tangu zamani. Mwaka 1957 Marcelle Geber na mwenziwe Dean walitangaza kwamba watoto wachanga wa Uganda waliwatangulia wa Ulaya katika kukaa na kutembea, na wengi wakaharakisha kusema ni tabia ya damu. Charles Super, aliyekaa na Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya, alitoa mwaka 1976 maelezo yenye busara zaidi. Akina mama wa huko huwafundisha watoto kukaa, wakiwakalisha katika kishimo kifupi na kuwaegemeza kwa nguo, na huwafundisha kutembea. Kutambaa hawakutilii maanani. Basi watoto walitangulia katika yale waliyofundishwa, na katika kutambaa hawakutangulia. Kadhalika binti aliyekulia katika mdako, arushaye kijiwe na kuokota vingine kabla hakijashuka, amefanya mazoezi ya kudaka ambayo hapana jedwali la London lililoyahesabu. Na huyo huyo aweza kushikwa na kigugumizi cha vidole akipewa penseli kwa mara ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujua watoto wenye afya huanza lini kukaa, kusimama na kwenda, liliwatazama watoto wa nchi tano, nazo ni Ghana, Uhindi, Norwei, Omani na Marekani, na matokeo yakatoka mwaka 2006. Halikuandika siku moja ya kila jambo, bali muda mpana: kutembea peke yake huanza popote baina ya miezi 8 na 17 na zaidi kidogo, na watoto wapatao wanne katika mia hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, wakatembea salama.

Na pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenziwe walitunga kipimo cha Kilifi kwa watoto wa miezi 6 hata 35, wakachagua vitu na vitendo vinavyojulikana nyumbani kwa mtoto, na majedwali wakayatoa kwa watoto wa huko huko. Habari zake zilichapishwa mwaka 2008. Kwa rai yangu, kazi hiyo ina heshima kubwa kuliko kununua kisanduku cha ng'ambo kwa bei ghali, kisha kuwahukumu watoto wa mwambao kwa jedwali la watoto wa theluji.

Hata hivyo, si insafu kuitupa mizani kwa sababu imetoka mbali. Wapo watoto, wapata watano au sita katika mia wa umri wa shule, ambao viungo vyao havipatani na nia yao bila ya upofu, maradhi ya mishipa, wala upungufu wa akili: vifungo vya shati huwashinda, mwandiko wao hausomeki, mpira huwapita mikononi. Aghalabu huadhibiwa kwa uvivu wasiokuwa nao. Matabibu hawamhesabu mtoto kuwa na tatizo hilo kwa mtihani pekee. Sharti shida hiyo iwe imeanza utotoni, na iwe imemzuia kweli katika kazi za kila siku nyumbani au shuleni. Habari hizo hutoka kwa mama na mwalimu, na mtihani huzithibitisha au huzitilia shaka.

Tena shida hiyo haikomi ndevu zinapoota. Toleo la tatu la mtihani wa Henderson na Sugden, la mwaka 2023, limepanda hata miaka 25, kwa maana kijana naye ana gari la kujifunza kuendesha, ufundi wa kushika, na mihadhara ya kuandika kwa kasi. Waganga wa fani hii siku hizi huacha kumfanyisha mazoezi ya kupepesuka juu ya ubao kwa tamaa kwamba mengine yatafuata yenyewe. Humwuliza ataka kuweza nini, wakaikata kazi ile ile vipande vipande, na kijana mwenyewe akatafuta njia ya kila kipande, akakosea, akabadili, mpaka breki na klachi zikapatana na miguu yake.