Dashibodi Inayomjua Anayeitazama

Kwenye kuta za kliniki nyingi za mama na mtoto hubandikwa karatasi kubwa yenye mistari miwili inayopanda kutoka Januari hadi Desemba. Mstari wa juu ni jumla ya watoto waliopata dozi ya kwanza ya Penta, chanjo inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na maradhi yanayoletwa na bakteria wa Hib. Mstari wa chini ni waliofika dozi ya tatu. Kila mwisho wa mwezi muuguzi hujumlisha hesabu zake, huweka nukta na kuziunganisha kwa rula. Uwazi ulio kati ya mistari hiyo ni watoto walioanza chanjo na hawakurudi. Ukipanuka, muuguzi anajua kwamba kuna vitongoji vya kufuatilia, na mara nyingi anavijua kwa majina.

Karatasi hiyo ndiyo kipimo changu kila ninapoona mfumo mpya wa takwimu ukizinduliwa. Anayeichora ndiye anayeitumia, inahusu watoto wa eneo lake, na inajibu swali moja analoweza kulifanyia kazi kesho yake asubuhi. Mifumo mingi ya kompyuta imeyapoteza mambo hayo matatu kwa mkupuo. Zahanati inajaza fomu, fomu inakwenda wilayani, takwimu zinaingizwa kwenye mfumo, na grafu nzuri inatokea kwenye skrini ya ofisi ya makao makuu. Aliyehesabu watoto harudishiwi kitu.

Programu ya DHIS2, inayobeba takwimu za afya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine nyingi, ilitokana na watu waliotaka kuugeuza mkondo huo. Chimbuko lake ni Cape Town, mwaka 1994. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umeacha huduma za afya zimekatwa vipandevipande kwa misingi ya rangi na maeneo, kila kipande na fomu zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, akiwemo Jørn Braa, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini walianzisha mradi wa mifumo ya taarifa za afya uitwao HISP, wakifanya kazi na wahudumu wa ngazi ya wilaya. Programu ya kwanza ilijengwa juu ya Microsoft Access. Ya pili, ya kutumika kwenye kivinjari, ilianza kuandikwa Oslo miaka kumi hivi baadaye, na mwaka 2011 Kenya iliitandaza nchi nzima kupitia intaneti.

Haikuwa bahati tu kwamba watafiti wa Oslo walilibeba wazo hili la kuwashirikisha watumiaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasayansi wa kompyuta Kristen Nygaard alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma cha Norway ili wafanyakazi wenyewe wawe na kauli juu ya kompyuta zilizokuwa zikiingia viwandani. Utamaduni huo wa kubuni mfumo pamoja na atakayeutumia ndio uliowalea watu wa HISP. Na Nygaard huyohuyo, akiwa na Ole-Johan Dahl, ndiye aliyeunda Simula, lugha iliyoleta mtindo wa kuigawa programu katika vitu vidogo, kila kimoja kikibeba data zake na kazi zake. DHIS2 imeandikwa kwa Java, lugha ya ukoo huo. Siasa na ufundi wa programu hii vina babu mmoja, na jambo hilo hunifurahisha kila ninapolikumbuka.

Ukifungua dashibodi ya DHIS2 unakuta visanduku, yaani wijeti: hapa grafu, pale ramani, chini jedwali. Mtu hudhani kila kisanduku kimebeba takwimu zake ndani. Ukweli ni kwamba kilichohifadhiwa kwenye kanzidata ni maelezo mafupi ya aina mbili. Ya kwanza yanaeleza kisanduku kimekaa wapi kwenye gridi: umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana na urefu, namba nne tu. Ya pili ni swali lenye sehemu tatu: nini, wapi, lini. Nini: asilimia ya watoto walioacha chanjo kati ya Penta ya kwanza na ya tatu. Wapi: kituo au eneo la anayetazama. Lini: miezi 12 iliyopita.

Angalia hizo sehemu mbili za mwisho. Hazina jina la kituo wala tarehe. Seva huzijaza pale mtu anapoingia na kubofya. Mganga mfawidhi wa zahanati akifungua dashibodi anaona mstari wa zahanati yake. Mratibu wa chanjo wa wilaya akifungua dashibodi hiyohiyo anaona wilaya yake, na akichagua vituo vilivyo chini yake, vinajipanga kimoja kimoja. Mwaka ukibadilika hakuna wa kurekebisha kitu, kwa kuwa miezi 12 iliyopita huhesabiwa upya kila siku. Swali moja likitungwa vizuri linaweza kuwahudumia maelfu ya watu, kila mmoja akidhani ametengenezewa yeye.

Namba nne za gridi nazo zina busara yake. Mwenye kubuni angeweza kuhifadhi mahali pa kisanduku kwa kuhesabu nukta za skrini, lakini kompyuta ya ofisini na simu ya mkononi havilingani. Kwa hiyo skrini hugawanywa katika safu wima, 12 kwa mfano, na kisanduku huhesabiwa kwa safu. DHIS2 hutumia maktaba huria ya React Grid Layout kwa kazi hii: ukiburuta grafu kwenda juu, zilizokuwa pale zinasogea chini, kisha zote zinapanda kuziba mapengo. Kinachopelekwa seva unapohifadhi ni zile namba nne za kila kisanduku. Kwenye simu nyembamba safu hukunjwa zikawa moja, visanduku vikafuatana kwenda chini, na hapo mpangilio unageuka kuwa utaratibu wa umuhimu. Kilichowekwa mwanzo ndicho kitakachosomwa. Cha kumi na tano huenda kisifikiwe.

Kila kisanduku huomba takwimu zake chenyewe. Faida yake ni kwamba kimoja kikikwama, vingine vinaendelea. Tangu 2017, toleo la 16 la React, maktaba ya kujengea kurasa kama hizi, limewapa watengenezaji njia rasmi ya kuzingira hitilafu ya kisanduku isiangushe ukurasa mzima. Hasara yake ni kwamba visanduku 40 ni maombi 40, na kwenye mtandao wa kusuasua hilo ni zito. Ndiyo maana mfumo mzuri husubiri mtu ashuke kwenye ukurasa kabla ya kuomba vilivyo chini. Ulinzi nao ni lazima ukae kwenye seva: mtu akishirikishwa dashibodi hajashirikishwa takwimu, na seva ndiyo inayokagua ana ruhusa ya kuona kituo gani. Kuficha kisanduku kwenye skrini huku namba zikiwa zimeshatumwa kwenye kivinjari ni uzembe.

Nyuma ya pazia kuna kazi nzito zaidi. Chukua nchi yenye vituo 8,000, kila kimoja kikitoa takwimu 500 kwa mwezi. Kwa mwaka hizo ni namba milioni 48. Seva ikizijumlisha upya kila mtu anapobofya, italemewa. Suluhisho la DHIS2 ni kuziandaa mapema, kwa kawaida usiku, katika majedwali maalumu ambamo kila namba imeshaunganishwa na wilaya, mkoa, robo na mwaka wake. Ndiyo sababu fomu iliyoingizwa leo asubuhi huenda isionekane kwenye grafu hadi kesho. Wanaofundisha matumizi ya mfumo wangefanya vema kulisema hili siku ya kwanza, kwa kuwa mtu akiingiza takwimu na asizione huacha kuiamini dashibodi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo dashibodi inapoweza kudanganya bila mtu yeyote kukusudia. Tuseme wilaya ina vituo viwili. Hospitalini watoto 190 walianza Penta na 181 wakamaliza: wameacha 9, sawa na asilimia 4.7. Kwenye zahanati ya mbali watoto 10 walianza na 5 wakamaliza: asilimia 50. Programu iliyoandikwa kwa haraka itachukua wastani wa asilimia hizo mbili na kusema wilaya ina asilimia 27. Si kweli. Walioanza ni 200, walioacha ni 14, jibu ni asilimia 7. Mfumo lazima ubebe namba ya juu na namba ya chini ya sehemu kila moja peke yake, ujumlishe kwanza, ndipo ugawanye.

Lakini hata hilo jibu sahihi lina hatari yake. Kikomo kinachotumika sana kwa kipimo hiki ni asilimia 10. Wilaya yenye asilimia 7 itawaka kijani kwenye skrini ya mkoa, na watoto watano wa zahanati ya mbali watakuwa wamefunikwa na rangi hiyo. Wa kuwaona ni yule ambaye wijeti yake inauliza kuhusu kituo chake.

Kuna pia tatizo la muda. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, ya tatu akiwa na wiki 14. Waliochanjwa dozi ya tatu Juni, wengi wao walianza Aprili. Ukilinganisha namba za mwezi mmoja kwenye zahanati ndogo unaweza kupata asilimia iliyo chini ya sifuri, na nimeona watu wakiamini kompyuta imeharibika. Kipimo hiki kinahitaji muda mrefu, na ile karatasi ya ukutani yenye kujumlisha tangu Januari ilikuwa na akili hiyo tangu zamani.

Kuhusu umbo la grafu, ushahidi upo. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba jicho hulinganisha vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, kama vichwa vya nguzo, kuliko pembe, na eneo na rangi ni dhaifu zaidi. Mduara uliokatwa vipande hupendwa kwenye mawasilisho, lakini kwa mganga anayetaka kujua kituo kipi kimezidi kingine, nguzo zitamsaidia. Rangi nyekundu na kijani nazo zisiachwe zibebe maana peke yake, kwa sababu wapo wanaume wengi wasiozitofautisha. Namba iandikwe kando.

Je, watu wakipewa uhuru wa kujipangia watautumia? Mtafiti Wendy Mackay, aliyechunguza jambo hili katika chuo cha MIT, alikuta kwamba wengi hawatungi mpangilio wao kuanzia mwanzo. Huazima wa mwenzao kisha wakaubadili kidogo. Kwangu huu ndio mwongozo wa namna ya kugawa dashibodi. Mpe mtu mpya ukurasa mtupu na ataufunga. Mpe wenye visanduku 40 na atashindwa kujua aanze wapi. Mpe wenye visanduku vitano vilivyokwisha kumtambua yeye ni wa kituo gani, na kitufe cha kunakili, naye baada ya miezi michache ataongeza swali lake la sita.

Hilo la mwisho linategemea jambo ambalo si la programu hata kidogo. Katika wilaya nyingi akaunti za mfumo hubaki kwa maofisa wa takwimu, na zahanati hupeleka karatasi. Akaunti ya mganga mfawidhi, yenye nywila yake, inayofunguka kwenye simu yake, haidai seva mpya wala maktaba mpya ya programu. Inadai mtu wa wilayani aketi aandike majina ya vituo vyake, kimoja baada ya kingine, aanze na vilivyo mbali.