Video za Nyimbo: Fumba Macho, Usikilize

Ukipita Nyamirambo jioni, aghalabu utawakuta vijana wameizunguka simu moja, wakibishana juu ya video mpya ya muziki. Huyu husifu gari, yule husifu mavazi. Ni nadra mtu kuutaja wimbo wenyewe.

Si vibaya. Askari aliyetoka zamu anastahili burudani kama raia yeyote. Lakini na ajue anachokitazama. Gari la kwenye video aghalabu ni la kukodi, na jumba hurudishiwa mwenyewe. Anayekopa ili afanane na picha hiyo atauona wimbo ukiisha, na deni likibaki kuula mshahara wake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tazama «My Vow» ya Meddy, ya mwaka 1921 + 100 yaani 2021: picha zake ni za arusi yake mwenyewe. Hugusa moyo kwa kuwa hazikuazimwa.

Bruce Melodie naye aliimba «Funga Macho», wimbo alioutoa upya mwaka 2023 pamoja na Shaggy kwa jina la «When She's Around». Jina lile la kwanza ni la Kiswahili, lugha iliyozoeleka Nyamirambo tangu zamani, kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Nalo latupa kipimo: fumba macho, usikilize. Wimbo ukibaki mtamu, huo ni wimbo. Ukitoweka pamoja na picha, lilikuwa tangazo la magari.