Panya wa Katanga na uchunguzi wa malaria

Mwisho wa mwaka 2024 habari zilienea kwamba ugonjwa usiojulikana umeingia Panzi, katika jimbo la Kwango (si Panzi ya Bukavu). Shirika la Afya la Dunia lilihesabu wagonjwa 406 na wafu 31 kati ya tarehe 24 oktoba na 5 desemba. Wengi walikuwa watoto wadogo. Barabara ya kule ni mbaya wakati wa mvua, na mahali penyewe hapakuwa na laboratwari ya kutosha. Ilipaswa kungoja watu na vyombo vitoke mbali. Katika damu ya kwanza iliyopimwa, mara 12, malaria ilionekana mara 10. Tarehe 17 desemba Wizara ya Afya ilisema: ni malaria kali, iliyowakuta watu waliokwisha kulegezwa na njaa. Magonjwa ya kifua yalikuwamo pia.

Wandugu wasomaji, jibu hilo lilitushangaza kuliko hofu yenyewe. Malaria si mugeni kwetu. Hapa Kalemie, kati ya ziwa na muto Lukuga, mama yeyote anaitambua kwa kuweka mukono juu ya kichwa cha mutoto. Mwaka 2023 dunia nzima ilihesabiwa kuwa na wagonjwa wa malaria milioni 263 na wafu 597.000, Kongo peke yake ilibeba karibu 13 kwa mia ya ugonjwa wote, na ni Nigeria tu inayotupita. Basi ugonjwa tunaoujua hivi uliwezaje kuitwa "usiojulikana" kwa majuma mengi? Kwa sababu kuugua ugonjwa na kuuchunguza ni mambo mawili. La kwanza tunalo sana. La pili tunalipata kwa wengine.

Lakini haikuwa lazima iwe hivyo, maana sehemu moja kubwa ya elimu ya malaria ilianzia katika Katanga, ambayo zamani Kalemie ilikuwa ndani yake. Karibu na Elisabethville, muji unaoitwa leo Lubumbashi, munganga Mubeleji Ignace Vincke alikuwa akikamata mbu wa msituni kando ya vijito. Ndani ya mate ya mbu hao aliona vijidudu vya malaria. Lakini mbu wa namna ile hawakuwa na desturi ya kuuma watu. Walivipata wapi? Alitafuta, na katika mwaka 1948 yeye na Marcel Lips waliona kijidudu chenyewe ndani ya damu ya panya wa porini. Walikiita Plasmodium berghei, kwa heshima ya profesa Louis van den Berghe.

Mutu atauliza: malaria ya panya inatufaa nini? Inafaa sana. Kijidudu cha malaria ya watu hakikubali kuishi katika panya, na munganga hawezi kumupa mutoto wa mutu ugonjwa ili ajaribu dawa juu yake. Kumbe panya wa laboratwari anapokea kijidudu kile cha Katanga. Kwa hiyo kilipelekwa Ulaya na Marekani, na mpaka leo kinaishi katika laboratwari nyingi za dunia. Mwaka 1967, kule New York, Ruth Nussenzweig alikilegeza kwa miali ya radio, ile ya kupigia picha ya mifupa, akawachoma panya nacho. Panya hao hawakushikwa tena na malaria. Yeye na wenzake wakatafuta ni kitu gani kilichowakinga, wakafika kwenye ngozi ya nje ya kijidudu. Juu ya ngozi hiyo zilijengwa chanjo mbili zinazotolewa leo, RTS,S iliyokubaliwa na Shirika la Afya la Dunia mwaka 2021 na R21 iliyokubaliwa mwaka 2023. Kongo ilianza kuwachanja watoto mwisho wa oktoba 2024, katika jimbo la Kongo Central.

Tuhesabu: kutoka panya wa Katanga mpaka mutoto wa Kongo Central, ni miaka 76, na njia ilipita New York. Hatuwalaumu Vincke na Lips. Kazi yao ilikuwa njema. Lakini mwaka 1948 hapakuwa na univerisite hata moja katika Kongo. Lovanium ilifungua milango mwaka 1954, ile ya Elisabethville mwaka 1956. Kijana wa Katanga mwenye akili angeweza kuwa musaidizi wa munganga, si zaidi. Hivi kijidudu kilipata njia ya kusafiri, na elimu yake haikupata mutu wa kubaki naye. Hata RTS,S ilipojaribiwa katika inchi saba za Afrika, kutoka mwaka 2009 mpaka 2014, Kongo haikuwa mojawapo.

Tuvuke ziwa. Katika Tanzania, Ifakara ni muji mudogo, wenye mashamba ya mupunga na mbu wengi. Wakapuchini wa Uswisi walikuwa na misioni na hospitali pale, na katika miaka ya 1950 Rudolf Geigy wa Basel akaanzisha laboratwari ndogo. Ingaliweza kubaki kambi ya wageni wanaokuja wakati wa kiangazi na kurudi kwao na chupa zao. Lakini vijana wa inchi walifundishwa, wengine wakapelekwa masomo makubwa na kurudi, na leo ni chuo kinachoongozwa na Watanzania. Mwaka 1997 kazi ya kueneza vyandarua vyenye dawa ilianza katika bonde la Kilombero. Wachunguzi waliona kwamba kuokoka kwa watoto wadogo kuliongezeka 27 kwa mia. Walijuaje? Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba na kuandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Mapadri na wakatekista wanaijua kazi hiyo, kwani vitabu vya parokia vinafanana nayo.

Kongo nayo haikulala. Hospitali ya Kingasani, katika Kinshasa, ilikuwa mojawapo ya zile 11 zilizoshiriki katika uchunguzi mukubwa wa dawa ya artesunate, uliotangazwa mwaka 2010. Watoto 5.425 wenye malaria kali walitibiwa katika inchi tisa. Vifo vya waliopewa artesunate vilipungua 22,5 kwa mia kuliko vya waliopewa kinini. Leo artesunate ni dawa ya kwanza ya malaria kali. Ila Kinshasa ni mbali na Tanganyika.

Na hatari yenyewe iko karibu. Klorokini ilitusaidia miaka mingi, kisha vijidudu viliizoea. Kongo iliiacha mwaka 2001, na mwaka 2005 ikachagua dawa zinazotokana na artemisini. Sasa vijidudu vinavyoanza kuvumilia artemisini vimekwisha kuonekana katika Rwanda, Uganda na Tanzania. Mashua haziulizwi paspoti ya vijidudu. Vikifika Kalemie, nani atakayeviona kwanza: mutu wa hapa ao makaburi?

Kuna maswali mengine ambayo mutu wa mbali hatayafikiri. Kando ya Ziwa Tanganyika chandarua kinatumiwa pia kuvulia ndagala. Mugeni anakasirika na kuandika kwamba watu hawana akili. Mutoto wa muvuvi akipata masomo atauliza: nyumba ile ina vitanda vingapi, nyavu za sokoni bei gani, na dawa ya chandarua inafanya nini kwa samaki wachanga?

Mbele ya Mpala, ng'ambo ya ziwa, Adrien Atiman alifika Karema mwaka 1889, munganga na mukatekista pamoja, mutu mweusi aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Malta. Alitibu watu pale mpaka alipokufa mwaka 1956. Alikuwa mumoja tu. Wakurugenzi wa seminari wanaofikiri kwamba saa za biolojia zinaibia filosofia wamukumbuke yeye.

Laboratwari inahitaji mikroskopi, umeme usiokatika, frigo na mushahara unaofika; hayo yanaomba serkali na fedha. Lakini kuna kazi inayoweza kuanza hata kesho katika dispensere za misioni, nayo ni kitabu cha wagonjwa: jina, umri, kijiji, siku za homa, damu imepimwa ao hapana, dawa gani, homa imerudi ao hapana. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayobaki tupu mara nyingi, na ni yenyewe inayoonyesha kama dawa imeanza kushindwa.